LD50
LD50 ni kipimo cha ukali wa sumu, yaani kiasi cha kemikali kinachokadiriwa kuua nusu ya wanyama wa majaribio, hasa panya, waliopewa kemikali hiyo. Huandikwa kwa miligramu kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Namba ikiwa ndogo, sumu ni kali zaidi. Kilibuniwa na J. W. Trevan nchini Uingereza mwaka 1927. Shirika la Afya Duniani hukitumia kupanga viuatilifu katika madaraja ya hatari. Daraja la Ia lina vile ambavyo LD50 yake kwa mdomo ni chini ya miligramu 5 kwa kilo. Kipimo hiki hakionyeshi madhara ya muda mrefu, kama saratani. Mwaka 2002 Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo (OECD) lilifuta mwongozo wa jaribio la awali la LD50, likabakiza mbinu zinazotumia wanyama wachache zaidi.