Mirathi bila wosia (Funyula)

Mirathi bila wosia ni ugawaji wa mali ya marehemu ambaye hakuacha maagizo halali ya nani apewe nini. Funyula, mji wa Wasamia kusini mwa Kaunti ya Busia nchini Kenya, mali hiyo aghalabu ni shamba, boma na mifugo michache.

Sheria inayotumika ni Sheria ya Urithi (Sura ya 160), iliyotungwa 1972 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Ardhi ya kilimo na mifugo ya wilaya kadhaa, zikiwemo Turkana, Narok na Lamu, iliachiwa mila, Busia haimo. Kwa hiyo ile hoja ya matangani, kwamba shamba la Msamia hugawanywa Kisamia, haina mashiko mahakamani. Waislamu hufuata sheria yao, na Kadhi huamua.

Kwa mila, shamba ni la wana wa kiume na kitinda mimba hubaki na boma la mama. Sheria haitofautishi binti na mvulana, aliyeolewa na asiyeolewa. Mwaka 2005, katika kesi ya Rono, Mahakama ya Rufani ilikataa mabinti wapunjwe kwa sababu eti wataolewa. Mzazi aliyebaki huchukua vyombo vya nyumbani, na mali iliyosalia huitumia maisha yake yote bila kuimiliki. Hawezi kuuza ardhi pasipo idhini ya mahakama. Akifa naye, watoto hugawana sawa. Kijana aliyekwisha kumegewa kipande baba angali hai huhesabiwa alichopewa, jambo linalowaudhi wengi.

Penye wake wengi, hesabu hubadilika. Tuseme marehemu ameacha ekari 9 na wajane wawili, mmoja ana watoto watano, mwenzake wawili. Anayetarajia kila nyumba ipate nusu atashangaa: kila mtoto ni fungu moja na mjane ni fungu jingine, hivyo nyumba ya kwanza hupata ekari 6 na ya pili 3.

Safari ya kufungua mirathi huanzia kwa chifu, ambaye huandika barua ya kuwataja warithi. Karatasi hiyo moja ndiyo kiini cha ugomvi mwingi: anayeachwa humo, tuseme mtoto wa nje au dada aliyeolewa mbali, huenda asijue kesi ipo mpaka shamba limekwisha kupimwa. Ombi huwasilishwa mahakamani pamoja na cheti cha kifo, kisha hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Kenya, na mwenye pingamizi ana siku 30. Msimamizi wa mirathi akishateuliwa, kwa kawaida husubiri miezi sita ndipo mgawo uthibitishwe. Wakiwapo watoto wadogo, wasimamizi hawapungui wawili, na hata hivyo hawazidi wanne. Aliyefichwa anaweza kuomba uteuzi ufutwe hata baadaye. Kuuza au kukata shamba kabla ya msimamizi kuteuliwa ni kosa, adhabu yake faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, ama vyote viwili; faini hiyo, kwa bei za ardhi za leo, haimtishi mtu.

Mzigo mzito kuliko yote ni hati miliki ambayo bado ina jina la babu. Wajukuu wanaotaka kugawana ardhi ya baba yao hulazimika kwanza kufungua mirathi ya babu, na hapo ndipo baba wadogo na mashangazi wanapojitokeza.

Mpaka wa Kenya na Uganda nao una lake. Wasamia wanaishi pande zote mbili za mto Sio, na mtu wa Funyula huweza kuwa na kiwanja Uganda. Ardhi hufuata sheria ya nchi ilipo. Huko, marekebisho ya 2022 yanampa mwenzi asilimia 20, watoto na wajukuu 75, wategemezi 4 na mrithi wa kimila 1. Hati ya usimamizi iliyotolewa Kenya haitoshi kwa kiwanja hicho mpaka mahakama ya Uganda nayo iigonge muhuri.