Kimeng'enya cha Protini katika Vimelea vya Damu ya Ng'ombe

Mpishi wa pwani akitaka nyama ngumu ilainike upesi huipaka papai bichi kabla ya kuibandika mekoni, na kinachofanya kazi katika utomvu ule mweupe ni papaini, nayo ni kimeng'enya cha protini, yaani kitu kinachoharakisha ukataji wa minyororo ya protini pasipo chenyewe kumalizika. Wako wanaopendelea kuandika proteasi. Mimi naona kimeng'enya ni neno fasaha, kwa kuwa kumeng'enya ni kuvunjavunja vipande vidogo vidogo, ila lina ila moja, kwamba humfanya msomaji adhani kazi yote ni ya tumboni.

Amma katika vimelea vya damu, fikira hiyo haitoshi. Kimelea cha malaria hula hemoglobini, protini ya damu, na kuacha mabaki meusi yaitwayo hemozoini, ilhali jamaa zake walio katika ng'ombe, yaani Theileria parva, kiletacho ndigana kali, na Babesia bovis, hawaachi mabaki hayo. Na juu ya hivyo wote wawili wana vimeng'enya vya ukoo wa papaini, na dawa za kuvizuia hupunguza ukuaji wa Babesia katika chupa za maabara; basi yabaki swali, vina kazi gani nyingine.

Hapo ndipo jenomiki, elimu ya kusoma urithi wote wa kiumbe kwa mara moja, ilipofaa. Mwaka 2005 zilichapishwa jenomu za Theileria parva, aina ya Muguga karibu na Nairobi, na ya Theileria annulata, na mwaka 2007 ikafuata ya Babesia bovis. Kila moja ina takriban herufi milioni 8 za DNA katika kromosomu 4. Mtafiti hutafuta alama ya nasaba, nayo ni asidi amino mbili, sisteini na histidini, zilizokaa mahali pake katika kitovu cha ukataji, kisha huzipanga jeni bega kwa bega. Na kwa kuwa Theileria hizo mbili zimehifadhi sehemu kubwa ya mpangilio wa jeni zao, jeni iliyozidi upande mmoja huonekana mara moja. Sura ya ukoo peke yake haitoshi: sisteini ikiwa imebadilika, huenda kimeng'enya hakikati tena.

Trypanosoma congolense, kiletacho nagana, si jamaa wa hao hata kidogo, lakini nacho kina kongopaini, kimeng'enya cha ukoo ule ule wa papaini. Ng'ombe wa N'Dama wa Afrika Magharibi, wanaostahimili maradhi hayo, hutoa dhidi ya kongopaini kingamwili nyingi kuliko ng'ombe wa Boran. Na ng'ombe waliochanjwa kwayo hawakuzuiliwa kuambukizwa, bali upungufu wa damu uliwapata kwa uchache zaidi.