Redio ya Mkononi ya Ridhaa: Utayarishaji na Matumizi Salama

Redio ya mkononi ya ridhaa ni chombo kidogo cha kupokea na kurusha sauti kwa mawimbi ya redio, kinachotumiwa na mtu mwenye leseni ya huduma ya redio ya ridhaa. Kanuni za Redio za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) zinaitambua huduma hiyo kuwa ya kujifunza, kuwasiliana na kuchunguza mambo ya kiufundi, kwa watu wanaopenda fani ya redio kwa nafsi zao bila kutafuta faida ya fedha. Kwa umbo, chombo hiki hakitofautiani sana na redio za upepo wanazobeba askari, walinzi na waongoza watalii. Tofauti iko katika wajibu. Mlinzi hukabidhiwa redio iliyokwisha kupangiwa chaneli, lakini mwendesha redio wa ridhaa huchagua mwenyewe masafa, nguvu na antena, naye ndiye anayejibu kwa kila wimbi linalotoka katika chombo chake.

Masafa, leseni na alama ya wito

ITU imeigawa dunia katika kanda tatu. Afrika, Ulaya na Rasi ya Uarabuni zimo katika Kanda ya 1. Katika kanda hiyo redio nyingi za mkononi za ridhaa hufanya kazi katika bendi mbili: megahezi (MHz) 144 hadi 146, iitwayo bendi ya mita 2, na MHz 430 hadi 440, iitwayo bendi ya sentimita 70. Majina hayo yanatokana na urefu wa wimbi, unaopatikana kwa kugawa 300 kwa idadi ya megahezi. Wimbi la MHz 145, kwa mfano, lina urefu wa mita 2 na sentimita chache. Kila nchi ina jedwali lake la masafa, na hilo ndilo linalofuatwa.

Leseni hutolewa na mamlaka ya mawasiliano ya nchi: Tanzania ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), Kenya ni Communications Authority of Kenya, na Uganda ni Uganda Communications Commission. Pamoja na leseni, mwombaji hupewa alama ya wito, yaani jina lake hewani, ambalo halishirikiwi na mtu mwingine yeyote duniani. Herufi na tarakimu za mwanzo huonyesha nchi: 5H ni Tanzania, 5Z Kenya, 5X Uganda, 9X Rwanda, 9U Burundi, 9Q Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na A4 Oman. Kusikiliza peke yake hakumpi mtu alama ya wito, na katika nchi nyingine hata kumiliki chombo cha kurusha mawimbi kunahitaji kibali. Kwa hiyo taratibu za mamlaka huulizwa kabla ya kununua au kuagiza redio kutoka nje.

Jambo hili lina uzito kwa sababu redio nyingi za bei nafuu zinazouzwa leo zinaweza kurusha mawimbi nje kabisa ya bendi za ridhaa. Chombo kinachofunguka kuanzia MHz 136 hadi 174 kinapita katika masafa ya meli, ya huduma za dharura na ya makampuni. Chaneli 16 ya baharini, ambayo meli huitumia kuomba msaada, iko MHz 156.8. Mtu anayejaribu redio yake kwenye chaneli hiyo akiwa Tanga au Mombasa anaweza kuziba sauti ya nahodha ambaye chombo chake kinazama. Redio kuweza kufika kwenye masafa fulani si ruhusa ya kurusha hapo.

Sehemu za redio

Redio ya kawaida ya mkononi hutoa nguvu ya wati 5 au pungufu kidogo, na huwa na kiwango cha chini cha wati 1 hivi. Juu yake kuna antena na kirungu cha kuwashia na kuongezea sauti. Ubavuni kuna kitufe cha kuongea, kijulikanacho kwa herufi PTT: kikibonyezwa redio hurusha, kikiachiwa hupokea. Haiwezi kufanya yote mawili kwa wakati mmoja katika masafa yale yale, ndiyo maana wanaozungumza hupokezana zamu. Kidhibiti kiitwacho skwelchi hunyamazisha mvumo wa hewa hadi wimbi la kutosha lifike. Kikiwekwa juu mno, vituo dhaifu havisikiki. Kikiwekwa chini mno, redio huvuma bila kukoma.

Utayarishaji wa kwanza

Kazi huanza na antena. Redio haiwashwi na kubonyezwa PTT bila antena, kwa kuwa nguvu isiyopata pa kutokea hurudi ndani na inaweza kuunguza hatua ya mwisho ya kikuza mawimbi. Kiungio kinachotumika zaidi kwenye redio ndogo ni SMA. Redio nyingine zina pini kwenye mwili wa redio na nyingine kwenye antena, hivyo antena mpya huangaliwa kwanza kama inalingana. Hufungwa kwa vidole kwa kushika shina lake, si ncha, na haikazwi kwa koleo.

Betri nyingi ni za lithiamu zenye volti 7.4. Huchajiwa kwa chaja iliyokuja nazo, juu ya sehemu ngumu isiyoshika moto haraka, mtu akiwa karibu. Haifai kuchaji betri iliyovimba, iliyopasuka au iliyolowa, wala iliyoachwa juani ndani ya gari hadi ikawa ya moto. Hiyo ya moto huachwa ipoe kwanza. Betri ya akiba haiwekwi mfukoni pamoja na funguo au sarafu, kwani vyuma vikigusa miguso yake miwili kwa pamoja huleta shoti na moto. Katika safari ya ndege, betri za akiba hubebwa kwenye mzigo wa mkononi, si kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege.

Baada ya hapo redio huwashwa na kupangwa. Mambo ya kwanza ni kuchagua uingizaji wa masafa kwa tarakimu, kuweka hatua ya kusogeza masafa kuwa kilohezi (kHz) 12.5, kuweka skwelchi kiwango cha chini kinachonyamazisha mvumo, na kuanza na nguvu ndogo. Kipengele cha VOX, kinachorusha mawimbi chenyewe kikisikia sauti, huzimwa, la sivyo kikohozi au honi ya gari inaweza kuifanya redio ianze kurusha bila mwenyewe kujua. Kikomo cha muda wa kurusha huwekwa dakika mbili au tatu, ili kitufe kikikwama redio ijikate yenyewe. Kufuli ya vitufe hutumika redio ikiwa kiunoni au mkobani.

Kupanga chaneli ya ripita

Ripita ni kituo kilichowekwa mahali pa juu, kinachopokea sauti kwenye masafa moja na kuirusha upya papo hapo kwenye masafa mengine. Kwa msaada wake, redio mbili ndogo zilizotenganishwa na kilima huweza kusikilizana. Ili kuitumia, redio ya mkononi lazima isikilize kwenye masafa ya kutokea na irushe kwenye masafa ya kuingilia.

Katika Kanda ya 1, tofauti ya kawaida kwenye bendi ya mita 2 ni kHz 600 kwenda chini. Tuseme ripita hutoa sauti kwenye MHz 145.700. Mtumiaji huingiza 145.700, kisha kwenye menyu huweka mwelekeo wa tofauti kuwa kutoa (−) na kiasi chake kuwa 0.600. Akibonyeza PTT, kioo kinapaswa kuonyesha 145.100; kikionyesha namba nyingine, kuna kosa katika menyu. Ripita nyingi pia hudai toni ya CTCSS, mlio mzito wa chinichini ambao redio huuchanganya na sauti, kwa mfano hezi 88.5. Bila toni sahihi ripita hubaki kimya hata kama wimbi limeifikia kwa nguvu. Toni hiyo huwekwa upande wa kurusha. Ikiwekwa upande wa kupokea pia, redio haitafungua sauti ya vituo visivyoibeba. Mwisho, mipangilio yote huhifadhiwa kwenye kumbukumbu kama chaneli moja, ili isipangwe upya kila siku.

Kuongea moja kwa moja bila ripita hakuhitaji tofauti ya masafa wala toni. Mpango wa bendi wa Kanda ya 1 umetenga MHz 145.500 na 433.500 kwa kuitana kwa sauti ya FM. Vituo vikishapatana, huhamia masafa mengine yaliyo wazi na kuwaachia wengine nafasi.

Kuongea hewani

Kanuni ya kwanza ni kusikiliza. Masafa yakiwa kimya kwa muda, mwendesha redio hutaja alama ya wito ya anayemwita, kisha yake mwenyewe. Herufi hutajwa kwa alfabeti ya kimataifa ya matamshi ili zisichanganywe: 5H husomwa Five Hotel, 5Z husomwa Five Zulu. Redio hushikwa wima, sentimita 5 hadi 10 kutoka mdomoni. PTT hubonyezwa, husubiriwa nusu sekunde ili ripita ifunguke, ndipo mtu huanza kusema kwa sauti ya kawaida. Kupiga kelele hukoroga sauti badala ya kuifikisha mbali. Kati ya zamu na zamu huachwa sekunde moja au mbili, kwani ndiyo nafasi ya mwenye dharura kuingia.

Mazungumzo ya ridhaa ni ya wazi. Kanuni za ITU zinakataza kuyaficha kwa msimbo wa siri yanapokuwa kati ya vituo vya nchi tofauti, na masafa ya ridhaa si mahali pa kuendeshea biashara.

Umbali na antena

Watumiaji wapya hudhani kuwa wati nyingi ndiyo dawa ya kila shida. Ukweli ni kuwa mawimbi ya bendi hizi husafiri karibu katika mstari ulionyooka, na kinachoamua umbali ni kimo. Upeo wa redio kwa kilomita ni takriban 4.1 mara kipeuo cha pili cha kimo kwa mita. Antena iliyo mita 1.5 juu ya ardhi tambarare huona kilomita 5, hivyo watu wawili waliosimama uwandani husikilizana kwa kilomita 10 hivi, na mjini pungufu ya hapo. Mmoja akipanda kilima cha mita 100, upeo wake peke yake hufika kilomita 41. Kupunguza nguvu kutoka wati 5 hadi 1, kwa upande mwingine, hushusha kipimo cha mawimbi cha msikilizaji kwa zaidi kidogo ya alama moja tu.

Antena fupi ya mpira hupoteza nguvu nyingi, hasa ikiwa imebanwa kiunoni dhidi ya mwili. Ya robo ya wimbi kwa bendi ya mita 2 ina urefu wa karibu sentimita 49 na hufanya kazi vizuri zaidi. Antena ielekezwe juu. Ikilazwa, kituo chenye antena ya wima humpokea mwenzake kwa udhaifu mkubwa.

Afya na mazingira ya hatari

Mawimbi ya redio si mionzi ya kuvunja chembe kama eksirei. Athari yake inayojulikana ni kupasha mwili joto. Tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ya aina hiyo (ICNIRP) imeweka kikomo cha wati 2 kwa kila kilo ya mwili sehemu ya kichwa kwa mtu wa kawaida, kwa wastani wa dakika 6. Macho hujipoza kwa taabu, kwa hiyo antena huwekwa mbali na uso. Kutumia nguvu ndogo inayotosha, kuongea kwa ufupi na kutumia maikrofoni ya waya hupunguza mawimbi yanayoufikia mwili. Antena haishikwi wakati wa kurusha. Mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo humwuliza daktari wake kwanza.

Redio hairushi mawimbi karibu na fataki za umeme za kulipulia miamba, kama kwenye machimbo, wala penye mvuke wa petroli au gesi. Ndani ya ndege haitumiki bila idhini ya rubani. Radi ikikaribia, mtu hushuka kilimani na kuchomoa redio kwenye antena ya nje. Antena ya nje haisimamishwi mahali ambapo ikianguka inaweza kugusa nyaya za umeme.

Dharura

Wito wa hatari ya uhai ni neno MAYDAY linalotajwa mara tatu, likifuatwa na alama ya wito, mahali, aina ya hatari na msaada unaotakiwa. Vituo vingine vyote hunyamaza na kuandika kilichosemwa. Kanuni za Redio za ITU hazimzuii aliye hatarini kutumia njia yoyote aliyonayo kuita msaada. Kanuni hizo hizo zinakataza wito wa hatari wa uongo.