Mikono ya Bibi Fatma na ukili wa bibi zetu



Shaaban iliyopita tuliharibu gauni la bi harusi. Duka letu dogo hapa Chake Chake lilikuwa limejaa, cherehani zote zinakwenda, meseji za WhatsApp zinaingia, na akili zetu ziko Unguja kwenye vitambaa ambavyo havijapanda hata boti. Tukakata mikono ya gauni mifupi kwa inchi tatu. Bi harusi hakutugombeza. Mama yake alitugombeza kwa niaba yake, na alikuwa na haki. Tukanunua satini nyingine kwa fedha zetu.

Usiku ule mama mmoja wa nyumbani alituuliza swali moja tu: "Jana mlilala na nini mkononi?" Tulilala na simu. Akasema, "Na tasbihi ya Bibi Fatma mmemwachia nani?"

Tulikuwa tunaijua tangu chuoni. Hatukuwahi kukaa tukafikiri ilikotoka. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Bibi Fatma, radhi za Allah ziwe juu yake, mikono yake ilikuwa imechubuka kwa kusaga nafaka kwa jiwe. Akasikia mateka wameletwa Madina, akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi. Hakumkuta, akamwachia Bibi Aisha ujumbe. Mtume (S.A.W.) akawafuata usiku, yeye na mumewe Ali, wakiwa wameshapanda kitandani, akawafundisha kilicho bora kuliko mtumishi: Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 34, kabla ya kulala. Sayyidna Ali alisema hakuiacha tena, hata usiku wa vita vya Siffin, mwaka 657.

Kinachotugusa sisi mafundi ni kwamba tasbihi hii ilianzia kwa mke mwenye malengelenge, aliyejua kwamba kesho asubuhi jiwe litakuwa palepale.

Kisiwani kwetu kisa hiki kinauma kidogo. Mwaka 1872 tufani kubwa iliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikaponea kwa sehemu kubwa, na tangu hapo karafuu ikawa yetu. Lakini waliochuma, waliobeba na waliosaga katika nyumba za wenye mashamba wengi wao walikuwa watumwa, wanawake kwa wanaume, waliotolewa bara. Bibi wa nyumba kubwa alikuwa na yule mtumishi ambaye Bibi Fatma hakupewa, na mikono iliyochubuka ilikuwa ya mwanamke mwingine. Amri ya kuufuta utumwa ilipotoka 1897 iliwaacha nje masuria. Wao walingoja mpaka 1909. Mwanahistoria Elisabeth McMahon, katika kitabu chake cha mwaka 2013 kuhusu Pemba, ameeleza jinsi waliotoka utumwani walivyohangaika kujijengea heshima miongoni mwa majirani zao.

Tunalisema hili kwa sababu sisi ni wepesi wa kusema "bibi zetu walikuwa watulivu". Bibi yupi? Kuna waliokuwa hawana ruhusa ya kutulia.

Ndiyo maana ukili tunautazama kwa jicho jingine siku hizi. Miyaa ni yako, mkono ni wako, na ukiuza mkeka fedha ni yako. Ukili unausuka umekaa uani, unausuka unatembea kwenda kwa jirani. Ikiadhiniwa unauweka chini, ukirudi hautakulaumu. Mikono ikishazoea, ulimi unabaki huru kwa uradi na kumsalia Mtume. (Au kwa umbea, tusidanganyane. Na msimu wa karafuu, watu wamezunguka jamvi usiku wanachambua makonyo, hadithi zilizosemwa pale si zote za kuandikwa hapa.)

Kofia ya viua nayo ni hivyohivyo. Kitundu kimoja, unakizungushia uzi, unakaza, unakwenda kingine. Kofia moja nzuri hula wiki nyingi, nyingine miezi, na Oman wana ndugu yake wanayoiita kumma. Wanawake wengi hapa wamewashonea waume na wachumba zao, wengine wamesomesha watoto kwa hiyo sindano. Ukiharakisha, kiua kinapinda na kila mtu msikitini anakiona.

Basi dukani tumeweka utaratibu. Baada ya Alasiri simu zote zinaingia kwenye mtoto wa meza, cherehani zinazimwa nusu saa, tunakaa mkekani na kazi za mkono: vifungo, shanga, pindo. Wateja wawili walinuna mwanzoni. Usiku simu inalala chumba kingine na sisi tunalala na tasbihi. Siku ya kwanza tulifika Subhanallah ya kumi na mbili tukajikuta tunahesabu mita za satini. Tukarudi mwanzo. Bado tunarudi mwanzo mara nyingi tu.

Kwa bi harusi: somo wa zamani hakuwa na haja ya kumnyang'anya mwali simu. Alimsinga kwa singo, akamfukiza udi, akamwambia ya kumwambia, na hakuna aliyekuwa akituma picha za keki saa sita usiku. Mwambie somo wako akushikie simu tangu Isha. Mapambo yatapatikana. Na kama usingizi umekukimbia wiki nzima, au unalia bila kujua sababu, nenda hospitali pia. Tasbihi haijamkataza mtu daktari.

Mmoja wetu alianza kumshonea mumewe kofia ya viua Shaaban ileile ya gauni. Imefika nusu. Mwenyewe ameshaulizia mara tatu.