Mhusika wa Nani?

Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha Dungeons & Dragons huko Marekani, vijitabu vitatu ndani ya kisanduku, na humo mlikuwa na istilahi ambayo, ukiifasiri neno kwa neno, inakuwa "mhusika asiye mchezaji". Mchezo wenyewe ni wa kuvaa uhusika. Kila mchezaji mezani ana mtu wake mmoja, awe mpiganaji, mchawi au kasisi. Waliobaki wote katika ulimwengu ule, mlinzi wa lango, mkewe, hata joka lililolala pangoni, husema kwa kinywa cha mtu mmoja tu: anayeuongoza mchezo.

Waasisi hao wawili walitokea kwenye michezo ya vita ya kupanga vijiaskari mezani, ambako kila kikosi kina mwenyewe. Nadhani ndiyo maana asiye na mwenyewe akapewa jina la kukanusha. Hata ubinadamu wake ulipimwa kwa dadu: ukitaka kumwajiri kiumbe fulani, unarusha dadu mbili, ikija 2 anakushambulia, ikija 12 anajiunga nawe kwa moyo mkunjufu.

Kwa Kiswahili tafsiri hiyo inachechemea. Asiye mchezaji, kwa sikio la wengi wetu, ni shabiki aliyekaa jukwaani. Halafu jaribu kutamka "wahusika wasio wachezaji" mara tano huku dadu zinabingirika na watu wanasubiri jibu. Bibi anapotamba ngano, Sungura ana sauti yake na Fisi ana ya kwake ya puani, na hajatokea mtu wa kumwita Fisi "mnyama asiye msikilizaji". Fisi ni wa bibi.

Kwa hiyo mimi nasema "mhusika wa mtambaji". Vijitabu vya 1974 vilimwita kiongozi wa mchezo mwamuzi, lakini Vampire: The Masquerade, mchezo wa 1991, ulikwisha kumwita msimulizi, basi mtambaji hayuko mbali. Najua kutamba ni kujigamba pia. Wapo waongozaji ambao jina litawakaa kwa maana zote mbili. Kwenye michezo ya video istilahi yangu haifai, kwa kuwa kule anayewasemesha watu hao ni programu. Waliohamishia lile neno la Kiingereza mitandaoni, wakalifanya tusi la mtu anayefuata mkumbo, nawaachia la kwao.

Ila neno lenye utajiri hapa ni mhusika. Aliyesoma fasihi sekondari analikumbuka pamoja na ndugu zake, bapa na duara, lakini tumelizoea mno hata hatulisikii tena. Mhusika ni anayehusika: jambo linamgusa, ana chake ndani yake. Muuza duka asiyeguswa na lolote ni pambo, hata umpe kovu shavuni na kigugumizi.

Hili nilijifunza kwa kuumbuka. Nilikuwa nimeandaa kurasa mbili juu ya liwali wa mji wa bandari, nasaba yake na njama zake. Wachezaji walifika langoni usiku, lango limefungwa, nami kwa kupamba mandhari tu nikataja mzee muuza kahawa. Mmoja akamgeukia: "Shikamoo, mzee. Kwani jina lako nani?" Sikuwa nalo. Nikachukua vikombe viwili vya chai vilivyokuwa mezani, nikaanza kuvigonganisha kama wagongavyo wauza kahawa, nikaivuta "marahabaaa" hadi nikapata la kusema: "Nyinyi watoto wa nani?"

Meza ikanyamaza. Walikuwa na panga, ngao na sihiri, ila baba hawakuwa nao. Wakaanza kuwatunga palepale, na yule mpiganaji akageuka mwana wa mvuvi aliyezama.

Lugha yetu inamrahisishia mtambaji kazi. Sihitaji kuigiza sauti nene, salamu inatosha. Yupo anayeisubiri shikamoo yake kabla hajakutazama, yupo anayeona shikamoo inamzeesha, yupo wa "vipi, mwanangu" kwa mtu asiyemjua. Uhusika unauvaa kwa neno moja na kuuvua kwa jingine, na wachezaji wanajua nani anaongea kabla hujamtaja.

Lakini mzee wangu alikuwa bado hahusiki. Ndipo nikampa deni: mlinzi wa lango amekunywa kahawa yake mwezi mzima kwa mkopo. Alijua zamu zake, alijua hupenda kusinzia upande gani wa ukuta, na alikuwa tayari kuyasema yote hayo kwa atakayemlipia.

Wakamlipa, wakaingia. Wiki iliyofuata, kabla sijafungua daftari, mwana wa mvuvi akauliza kama mlinzi ameongeza deni jingine. Liwali na kurasa zake mbili hawajakutana naye hadi leo.