Utani na Kura katika Vyama vya Kariakoo

Jadi ya kuchagua viongozi kwa kura katika mji wa Dar es Salaam haikuanza na uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa mwaka 1958 na 1959. Katika uchaguzi ule wakoloni waliwaruhusu kupiga kura watu wachache tu, wenye kipato, elimu au kazi ya kiwango walichokitaka wao, na kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Miaka mingi kabla ya hapo wakazi wa Kariakoo, makarani na wapagazi, mafundi na wachuuzi, walikwisha kuwa na vyama vyao, wenyeviti wao, na ubishi wao. Katika insha hii tutaeleza jinsi ubishi huo ulivyolelewa na mila ya utani, na maana ya mila hiyo kwa chama chochote kinachochagua viongozi.

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba utani si mzaha mtupu. Ni mkataba baina ya watu. Katika karne ya 19 misafara ya Wanyamwezi iliposhuka pwani, utani uliwafunga wageni hao na wenyeji wao Wazaramo. Mtani alikuwa na haki ya kumkejeli mtani mwenzake hadharani, hata msibani. Lakini huyo huyo alikuwa na wajibu wa kumsaidia akiwa mgeni na kumzika akifa. Anayekasirika katika utani huhesabiwa ameshindwa. Hivyo watu walipata njia ya kuambiana kweli pasipo kushikana mashati.

Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ulikusanya watu wa makabila mengi. Hapo utani ulipata makao mapya, yaani vyama. Vyama vya ngoma ya beni, Marini na Arinoti, vilishindana kwa mavazi, kwa gwaride na kwa nyimbo za kejeli. Kisha ikaja kandanda. Klabu ya Young Africans iliundwa mwaka 1935, na mwaka 1936 ikaundwa ile ambayo kwa miaka mingi iliitwa Sunderland, hadi ilipochukua jina la Simba mwaka 1971. Moja ni ya Jangwani, nyingine ni ya Msimbazi, na kutoka makao ya moja hadi ya nyingine ni mwendo mfupi wa miguu. Wapenzi wao huitana watani wa jadi. Tarehe 1 Juni 1968 Yanga walishinda mabao 5 kwa 0, wakawaonyesha wenzao vidole vya mkono mmoja. Tarehe 19 Julai 1977 Simba walilipa kwa mabao 6 kwa 0, na mkono mmoja haukutosha tena.

Uchaguzi wa klabu unapokaribia, utani huo huingia ndani ya nyumba. Barazani, penye kahawa na kashata, kila mgombea hupimwa. Anayetaka uenyekiti hali ada yake hajailipa huchekwa kabla hajasimama kujieleza. Anayeahidi uwanja mpya huulizwa kwanza habari za paa linalovuja. Mgombea asiyestahimili maswali ya barazani hawezi kustahimili hasira za wanachama siku timu itakapofungwa.

Mfano bora tunaupata katika siasa. Tarehe 17 Aprili 1953, katika Ukumbi wa Arnautoglu karibu na Mnazi Mmoja, wanachama wa TAA walikutana kumchagua rais wao. Walioshindana ni Abdulwahid Sykes, mtoto wa mji, ambaye baba yake, Kleist Sykes, alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association ya mwaka 1929, na Julius Nyerere, mwalimu wa shule ya Pugu aliyetoka mbali, Butiama. Nyerere alishinda. Sykes hakujitenga na kuunda chama chake. Alikubali kuwa makamu. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, kadi ya Nyerere ilikuwa namba 1, na ya Abdulwahid Sykes namba 3. Kwa maoni yetu, heshima ya uchaguzi ule haikutokana na aliyeshinda peke yake; ilitokana pia na aliyeshindwa akabaki.

Tulinganishe na yaliyotokea mwaka 1976. Mgogoro mkubwa uliikumba Young Africans, maneno yakawa makali kuliko utani, na baadhi ya wanachama na wachezaji mashuhuri wakaondoka wakaunda Pan African. Klabu hiyo mpya ilitwaa ubingwa wa taifa mwaka 1982, kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba waliotoka hawakujua mpira. Lakini nyumba moja ilikuwa imekuwa mbili, na marafiki wa baraza moja wakawa hawaketi pamoja.

Tofauti ya utani na fitina basi ni ipi? Utani husemwa mbele ya mhusika, naye ana ruhusa ya kujibu; fitina husemwa akiwa hayupo. Utani hugusa matendo ya mtu. Fitina huchimba asili yake, dini yake na kabila lake. Utani humalizika kura zinapohesabiwa, na fitina ndipo huanza.

Walimu wanaosimamia uchaguzi wa viranja, na wanafunzi wanaogombea, wana la kujifunza hapa. Wagombea na waulizane maswali magumu, na watu wacheke. Matokeo yakitangazwa, tumtazame aliyeshindwa: akipewa kiti, akakikalia, chama hicho kimekomaa.