Mnara wa Watu wa Sein

Mwanamume huyu wa jiwe ni mtu wa kisiwa cha Sein. Msalaba ulio nyuma yake, wenye vipande viwili vya kukingama, ni Msalaba wa Lorraine, alama ya Ufaransa Huru.

Juni 1940, Ufaransa ilipokuwa ikianguka mikononi mwa Wajerumani, wavuvi wa kisiwa hiki cha Brittany walisikia redioni wito wa Jenerali Charles de Gaulle kutoka London, wa kuendelea kupigana. Hawakukawia. Mwezi haujaisha, wanaume zaidi ya 100, baadhi yao vijana wadogo kabisa, walikuwa wamekwishapanda mashua kwenda Uingereza kujiunga naye na Ufaransa Huru yake. Walibaki wanawake, watoto na wazee, na kisiwa chembamba kilichoinuka kidogo tu juu ya bahari. Nani sasa wa kuvua? Wengine kati ya walioondoka walifia vitani. Mnara huu ni kwa ajili yao kwanza.

Aliyeuchonga ni René Quillivic, mzaliwa wa Plouhinec, upande wa bara karibu na kisiwa. De Gaulle, wakati huo rais, aliuzindua mwenyewe tarehe 7 Septemba 1960. Tangu 1946 Sein ina Msalaba wa Ukombozi, tuzo iliyotolewa kwa miji na vijiji 5 tu: vingine ni Paris, Nantes, Grenoble na Vassieux-en-Vercors.